Nepi za kitambaa zinanuka amonia hata zikifuliwa: wa Arusha na Moshi mnafanyaje?

MamaKijenge

Wapendwa, habari za jioni. Naombeni mawazo ya wenye uzoefu na nepi za kitambaa, hasa mlioko huku Arusha na Moshi.

Mwanangu ana miezi minane. Tangu azaliwe namvalisha nepi za kitambaa: zile za taulo za mraba ninazofunga kwa pini, na chache za kisasa zenye mfuko wa kuingizia pedi na vishikizo vya kubana. Miezi ya mwanzo hazikuwa na shida yoyote. Tangu aanze kula uji na ndizi na kulala usiku mrefu, zimeanza kunuka. Sizungumzii harufu ya mkojo wa kawaida. Ni ile kali inayopanda puani mpaka macho yanatoa machozi, kama umefungua banda la kuku asubuhi. Nikizianua kwenye kamba hazinuki kabisa, nasikia sabuni tu. Akikojoa mara moja, harufu imerudi. Asubuhi ndiyo inazidi, na mapaja yameanza kuwa mekundu.

Ninavyofua: zote zinakusanywa kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko, nafua kila baada ya siku mbili kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, nasuuza mara moja, halafu maji ya mwisho naweka ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia. Maji yetu ni ya kisima cha hapa nyumbani.

Sitaki kuachana na nepi za kitambaa. Pampasi ni gharama ya kila wiki, na taka zake mtaani kwetu zinaishia mferejini au zinachomwa na moshi tunauvuta sisi na watoto. Naomba njia ya kuiondoa hii harufu, siyo ya kuifunika.

Shangazi_Njiro

Mvalishe pampasi usiku, kitambaa mchana. Kwetu tumelea hivyo, mambo yanakwenda.

MamaKijenge

Asante dada. Nimelifikiria, lakini hata za mchana zinanuka, ila kwa kiasi kidogo. Nadhani shida iko kwenye nepi zenyewe.

DobiMajengo

Umefikiria sawasawa, shida iko kwenye nepi. Niko Moshi, udobi ndiyo kazi yangu, na mashuka na taulo za watoto nimezifua za kutosha. Nitaandika kwa urefu kwa sababu watu wengi wanahangaika na dawa za harufu wakati chanzo kipo kwenye kufua.

Mkojo unaotoka sasa hivi kwa mtoto mwenye afya haunuki amonia. Una kitu kinaitwa urea, ambacho hakina harufu kali. Bakteria waliomo kwenye kitambaa ndio wanaoivunja urea kuwa amonia. Kwa hiyo ili harufu itoke unahitaji mkojo, bakteria na muda. Usiku vyote vitatu vipo: mtoto analala kwa muda wa saa kumi, amekojoa mara kadhaa, joto la mwili lipo. Ndiyo maana harufu imeanza alipoanza kulala muda mrefu.

Sasa kwa nini ikikauka hainuki na ikilowa inanuka papo hapo? Maana yake nepi haijatakata ndani. Nyuzi za juu ni safi, za katikati zina mabaki: mkojo wa zamani, sabuni iliyoganda, mafuta. Bakteria wamejificha humo wanasubiri unyevu. Unapowaletea mkojo wa moto wanaanza kazi mara moja, hawahitaji tena kusubiri usiku kucha.

Kwenye maelezo yako naona mambo manne ya kubadilisha.

La kwanza ni hiyo ndoo ya maji yenye mfuniko. Siku mbili nzima nepi zinaelea kwenye mkojo uliochanganywa na maji. Hapo unawafugia bakteria. Nepi ya usiku isuuzwe asubuhi ileile kwa maji ya baridi, ikamuliwe, iwekwe kwenye kapu au beseni lenye matundu, hewa ipite. Usiiloweke. Ufue kila siku, au ikishindikana kesho yake.

La pili, sabuni. Mche unafaa ukitumia maji laini na ukifikicha kwa nguvu. Kwenye maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, mche unagandana na hayo madini na kutengeneza utando mweupe usioyeyuka. Utando huo unabaki kwenye nyuzi za taulo na kushika mkojo. Sabuni ya unga ya kufulia haigandi hivyo, na nyingi zinachanganywa na vitu vya kupunguza ugumu wa maji. Usiogope kuweka ya kutosha. Nimekuta akina mama wengi wanaweka kijiko kidogo kwa kumwonea mtoto huruma, matokeo yake mkojo hautoki. Weka kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kwa nguo chafu sana, halafu huruma yako ihamie kwenye kusuuza.

La tatu ni kusuuza. Mara moja haitoshi. Suuza, kamua, badilisha maji, mpaka ukikamua nepi povu halitoki.

La nne, acha kabisa dawa ya kulainisha. Kazi yake ni kuzipaka nyuzi utando ili ziteleze. Nepi iliyopakwa utando hainyonyi vizuri, na maji ya kufulia nayo hayaingii. Chukua nepi kavu, dondoshea tone la maji. Likizama mara moja, nepi iko sawa. Likisimama juu kama ushanga na kubingirika, nepi imefunikwa na utando wa dawa au wa mafuta ya mgando. Naongeza hapo: kama unampaka mtoto mafuta ya mgando mengi kabla ya kumvalisha, weka kipande cha khanga kuukuu kati ya ngozi na nepi, ukifue peke yake. Mafuta yakishaingia kwenye taulo, kuyatoa ni kazi.

BabaPacha_UsaRiver

Dobi, asante kwa darasa. Huku kwetu maji ya kisima yana floridi, watoto wengi meno yana rangi ya kahawia. Je, floridi ndiyo inafanya nepi zinuke? Jirani anasema tufulie maji ya kununua.

DobiMajengo

Hapana, baba. Floridi ni habari ya meno na mifupa kwa maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya upande wa Meru yanavuka hapo, Ngarenanyuki zaidi. Pale Ngurdoto kuna kituo kimefanya kazi ya kuipunguza kwa mkaa wa mifupa. Kwa ya kunywa na kupikia, hangaikia hilo. Kwa nepi, floridi haina kazi yoyote, usipoteze hela kununua maji ya kufulia.

Kinachohusu nepi ni ugumu wa maji, na kila kisima kina tabia yake. Maji yanaweza kuwa na floridi nyingi na bado yakawa laini. Pima mwenyewe: chukua chupa angavu, jaza nusu, kwangulia ndani sabuni ya mche kidogo, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likijaa mpaka juu na maji chini yakabaki karibu angavu, ni laini. Povu likiwa dogo na maji yakawa kama maziwa yaliyokatika, yenye vipande vinavyoelea, ni magumu. Angalia pia birika la chai. Ukoko mweupe mgumu chini ni dalili ileile.

MamaKijenge

Nimepima sasa hivi. Povu limekuja kidogo, limekufa, na kuna vitu kama mtindi vinaelea. Na birika letu lina ukoko kweli, nilidhani ni uzee wake.

DobiMajengo

Basi mche uweke kando kwa nepi, ubaki kwa sahani na soksi. Masika yakija kinga maji ya bati, hayo ni laini kabisa. Ukiyapata hata ndoo mbili, yatumie kusuuzia mwisho.

Mama_Tengeru

Mimi natumia magadi. Kijiko kimoja cha magadi ya unga kwenye beseni la maji ya moto, nepi zinatakata vizuri sana. Siki pia nimeona watu wanaisifia, wengine limao. Dobi, unasemaje?

DobiMajengo

Magadi nayakubali. Yanapunguza ugumu wa maji na kulegeza mafuta, ni jamaa wa soda ya kufulia. Yayeyushe kwanza na uyachuje kwa kitambaa, kwa sababu ya sokoni huwa na mchanga na udongo unaotia doa. Ila mjue jambo moja: kwenye maji ya magadi, amonia iliyomo kwenye nepi inatoka kwa kasi, kwa hiyo harufu itapanda beseni zima. Usitishike, inatoka kwenye nguo. Yasuuzwe yaishe kabisa, maana magadi yakibaki kwenye nepi yanawasha ngozi.

Siki inazima harufu. Asidi yake inaikamata amonia na pua inapumzika. Lakini haijatoa mabaki, kesho harufu inarudi. Na ukiizoea inachosha mipira ya kiunoni na mapajani. Limao ni vilevile. Kwangu siki siyo dawa ya tatizo hili.

Nesi_KwaMrombo

Naomba niingilie kuhusu jiki, maana najua atakayefuata ataitaja, na hapa watu wanaweza kuumia.

Dawa ya klorini ya kufanya nguo ziwe nyeupe inaua bakteria, ni kweli. LAKINI usiimimine kamwe kwenye nepi zenye mkojo. Klorini ikikutana na amonia inatoa gesi ya kloramini, inachoma macho, koo na mapafu. Usiichanganye na siki wala limao, hapo inatoka gesi ya klorini yenyewe. Nepi ziwe zimeshafuliwa na kusuuzwa vizuri, hazina harufu ya mkojo, ndipo uziloweke kwenye maji ya baridi yenye dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, nusu saa, nje penye hewa, mtoto akiwa mbali. Kisha suuza mpaka harufu ya klorini iishe. Hii ni ya mara moja moja kwa nepi zilizoshindikana. Ukiifanya kila wiki nyuzi zinalika.

Na tafadhali dawa ibaki kwenye chupa yake. Msiimiminie kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto anayetambaa hajui tofauti.

Kuhusu wekundu wa mapaja: amonia inaifanya ngozi ipoteze asidi yake ya kawaida, na vimeng'enya vya kwenye kinyesi vinapata nguvu ya kuila ngozi. Badilisha nepi mapema, msafishe kwa maji matupu, mwache bila nepi muda kidogo kila siku, akiwa amelala juu ya khanga. Wekundu ukiwa na vipele vidogo pembeni, au umeingia kwenye mikunjo ya mapaja, inaweza kuwa fangasi, nenda kituo cha afya.

Jambo lingine mama. Nusa mkojo unapotoka tu. Kama ule mbichi wenyewe una harufu kali na rangi ya kukolea, mtoto hanywi vya kutosha. Mnyonyeshe zaidi, na kwa kuwa amepita miezi sita mpe maji safi. Kama kuna homa, analia akikojoa au amekataa kula, hilo siyo suala la kufua, mpeleke akapimwe mkojo siku hiyohiyo.

MamaKijenge

Asante sana nesi. Mkojo mbichi hauna harufu, nimehakikisha. Homa hana, anakula vizuri. Kwa hiyo ni nepi. Sasa Dobi, hizi zilizokwisha kuharibika nizitupe au zinarudi?

DobiMajengo

Zinarudi. Tenga siku moja yenye jua, uzisafishe zote pamoja.

Fua kwanza kama kawaida kwa sabuni ya unga, suuza. Chemsha maji. Za taulo tupu, za pamba, unaweza kuzichemsha kwenye sufuria kubwa dakika kumi, ukizigeuza kwa mwiko wa zamani. Za kisasa zenye nailoni na mipira usizichemshe, zitapasuka utando. Kwa hizo changanya maji yaliyochemka nusu na ya baridi nusu, inakupa karibu nyuzi 60, zinavumilia. Weka magadi yaliyochujwa au sabuni ya unga, acha zilale mpaka maji yapoe. Utashangaa rangi ya maji: yanageuka kijivu au kahawia hata kama nepi zilionekana nyeupe.

Mwaga, kisha maji ya moto matupu bila sabuni. Fikicha. Utaona povu linatoka ingawa hujaweka kitu. Hiyo ni sabuni ya zamani iliyokuwa imejificha. Endelea kubadilisha maji mpaka povu likome. Hapo ndipo nepi imetakata. Zikauke juani, halafu ujaribu tone la maji. Kama bado harufu inarudi, ndipo utumie dawa ya klorini kwa utaratibu aliouandika nesi.

Pedi za ndani zile laini zinazong'ang'ania kiganja zina nyuzi za plastiki nyembamba sana, zinashika harufu kuliko pamba, nazo zitakusumbua zaidi. Zikikushinda, usinunue mpya. Nenda soko la Kiboriloni au Memorial, huku Moshi, ukachague taulo za mitumba za pamba, kata, pinda mara tatu, shona pembeni. Zinanyonya vizuri na zinachemshika.

Bibi_Kibosho

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimelea kwa mawinda ya khanga na shuka kuukuu, maji tulikuwa tunachota mferejini. Hatukuwa na sabuni za unga. Tulichokuwa nacho ni kwamba winda halilali na mkojo. Mtoto akikojoa, linatolewa, linasuuzwa saa hiyohiyo, linaanikwa. Likiwa na choo, kinaenda chooni kwanza, winda linasuuzwa peke yake kabla ya kuungana na mengine. Na jua. Jua la saa nne hadi saa tisa linaua uchafu ambao macho hayaoni.

Tena mlipige pasi. Siyo kwa urembo. Kuna inzi anataga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtoto na kutoa jipu. Pasi ya moto inawamaliza. Winda la khanga lipigwe pande zote mbili mpaka kwenye pindo, mayai hukaa kwenye mshono.

BabaPacha_UsaRiver

Shikamoo bibi. Hilo la inzi tunalijua huku, mmoja wa pacha wangu alishatolewa funza mgongoni. Pasi sasa ni lazima.

Bibi_Kibosho

Marahaba mwanangu. Poleni na mtoto.

Mama_Sakina

Na sisi ambao jua hatulioni? Juni mpaka Agosti huku Sakina ni ukungu asubuhi hadi saa sita, nepi ya taulo inakaa siku mbili kambani na bado pindo ni bichi. Ndipo harufu inapokuwa mbaya kabisa.

DobiMajengo

Arusha iko karibu mita 1,400, sisi Moshi tuko chini, tunakauka haraka kuwazidi. Kitambaa kinachokaa kibichi muda mrefu kinanuka hata bila mkojo. Kwa msimu huo achana na taulo nene. Tumia nyembamba mbili badala ya nene moja: zinanyonya sawa, zinakauka upesi kwa sababu hewa inapita kila moja. Kamua kwa kuzifunga ndani ya taulo kavu kubwa na kuisokota, maji yanayotoka ni mengi kuliko kwa mikono. Anika kila nepi kwa pembe mbili, isikunjwe juu ya kamba. Usiku zihamishie jikoni, juu, mbali na moto. Na usimvalishe nepi iliyobaki na unyevu kidogo ukidhani atapasha mwenyewe; unakuwa umewapa bakteria mwanzo mzuri. Ibanie pasi kwanza.

MamaKijenge

Wapendwa, mrejesho. Jumamosi nilifanya kama Dobi alivyoelekeza. Maji ya kwanza ya magadi yalitoka rangi ya chai ya rangi, kutoka kwenye nepi nyeupe! Na harufu ilipanda mpaka dada wa kazi akatoka nje. Nilisuuza kwa maji matupu mara nyingi, povu likawa linatoka tu, mwishoni likakoma. Za taulo zimepona kabisa, asubuhi nikimvua nasikia mkojo wa kawaida wa mtoto. Za mfuko, pedi mbili bado zina harufu kidogo, nimezitenga, nitakwenda kutafuta taulo. Mapaja yameanza kurudi rangi yake. Mungu awabariki, na bibi wa Kibosho shikamoo.

Mama_Tengeru

Hongera! Swali langu la mwisho Dobi: zile chupi za nailoni za kuvalisha juu ya nepi, za kwangu zinanuka zenyewe hata nikiziosha. Nazo zinachemshwa?

DobiMajengo

Hapana, zikichemshwa zinakakamaa na kupasuka. Zioshe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, ukizigeuza ndani nje na kusugua pindo la mpira kwa mswaki wa zamani, mkojo unajificha hapo. Zianike kivulini, jua kali linazikausha zikawa kama karatasi. Uwe nazo angalau tatu, ili moja ikiwa mwilini nyingine inakauka. Ikiwa pindo limeshashika harufu na halitoki kwa mswaki, ng'oa mpira uweke mpya. Fundi cherehani yeyote pale Tengeru siku ya soko atakufanyia ukisubiri.

Mama_Tengeru

Kesho ni Jumatano, soko lipo. Nazibeba.